Uzoefu wangu: Amboni asubuhi, Tongoni alasiri

Mimi ni mpaka hina. Kazi yangu ni mikono na miguu ya mabibi harusi hapa Tanga, na tangu Mfungo Sita kila mkono niliouchora ulikuwa na ua lilelile. Wateja hawakulalamika, aliyechoka ni mimi. Shoga yangu akaniambia, acha kuchungulia picha kwenye simu, toka ukatembee. Tukamkodi kijana wa bajaji anayetembeza wageni, tukapatana siku nzima: kwanza Mapango ya Amboni, kisha Magofu ya Tongoni.

Amboni ni kama kilometa 8 kaskazini mwa mji. Kosa la kwanza ni langu, nilivaa dera. Mapango yale ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na kuna pahala unapita kwa kuinama, pengine kwa magoti. Dera lilirudi halifai hata kudekia. Vaa suruali na viatu visivyoteleza, uende na tochi yako. Ya simu yangu ilizimika tukiwa katikati ya popo, shoga yangu akasoma dua zote anazozijua.

Uzuri wa mle ndani siwezi kuubeza. Kwenye mzimu tulikuta chupa na vitambaa vya watu waliokwenda kuomba, sauti ikanishuka yenyewe. Taabu ilikuwa kijana wetu. Kila akimulika ukuta, jina analo tayari: hili kochi, huyu mamba, ule Mlima Kilimanjaro, ile meli. Nikitaka kutazama jiwe lilivyochuruzika kama nta ya mshumaa, yeye keshafika kwenye mnyama mwingine. Na ukishaambiwa ni mamba, basi, huoni tena ila mamba. Watoto watampenda sana. Ila kama unakwenda kutafuta nakshi, mwambie mapema akuache kidogo. Mimi niliona haya kumwambia, kwa hiyo nusu ya lawama naibeba.

Tongoni iko kusini, kama kilometa 17 kwa barabara ya Pangani. Tulimkuta mzee mmoja kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Zungukeni. Mkiwa na swali, niiteni."

Hakusema zaidi, na kijana wetu naye akalala kwenye bajaji. Alhamdulillahi.

Pale pana msikiti uliobomoka na makaburi kwa makumi, yote ya mawe ya matumbawe, ya mji uliostawi karne ya 14 na 15. Wareno wa Vasco da Gama walipofika pwani hii mwaka 1498, mji ulikuwa na watu wake. Makaburi ya wakubwa yalisimamishiwa nguzo, kama zile za Kaole kule Bagamoyo. Nyingi zimeanguka, zimelala vipande vipande kwenye majani. Jua ni kali, beba maji.

Kilichonikalisha chini ni vishimo. Zamani kwenye nguzo na kuta za makaburi yale walipachika bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Bakuli zimeondoka, limebaki duara tupu kwenye jiwe, na pembeni mistari ya fundi, mraba ndani ya mraba, imenyooka hadi leo. Nilitazama mpaka shoga yangu akauliza kama nimepagawa. Jicho likipita kwenye mistari yote ile, linakwenda kutua palipo wazi. Mimi miaka yote najaza kiganja mpaka pasibaki pa kuweka sindano, nikidhani ndiyo kumtendea haki mteja.

Nyota: Amboni na kijana wetu tatu, Tongoni tano. Ukiweza, zigawe siku mbili. Tulifika Tongoni tumeshachoka.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na bibi harusi. Nikamchorea fremu za mraba kiganjani, katikati nikaacha duara bila kitu. Shangazi yake akainama, akatazama, akanitazama na mimi.

"Mwanangu, hina imekwisha? Tumtume mtoto dukani?"

Kabla sijajibu, bibi harusi akageuza kiganja kwenye taa. "Shangazi, hapo pasiguswe."