Usajili wa ardhi ya jamii Kenya: huduma nzuri, lakini chungeni daftari

Jamii ya wafugaji au ya wawindaji isiyosajiliwa, ardhi yake iko mikononi mwa kaunti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema serikali ya kaunti ndiyo mdhamini wa ardhi hiyo, na ikitwaliwa kwa ajili ya barabara au bomba, hata fidia hukaa kwa kaunti mpaka jamii isajiliwe. Mwenye kutaka kuulizwa kabla ya jambo kuamuliwa, aanzie kwa msajili wa ardhi ya jamii. Tunaipendekeza huduma hii kwa moyo wote, ila mwende mkijua inakwamia wapi.

Hatua si nyingi. Msajili hutangaza mkutano kwenye gazeti la kitaifa na redioni. Wanajamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kamati huandaa daftari la wanachama na kumpelekea msajili pamoja na jina la jamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni. Kisha hutoka tangazo la siku 60 ili mwenye dai alilete, mipaka ipimwe, hati ya umiliki itoke. Il Ngwesi na Musul kule Laikipia ni miongoni mwa waliotangulia.

Kazi ngumu ni daftari. Mkataba wowote na mwekezaji, awe wa umeme wa upepo, madini au hifadhi, si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ambao akidi yake, yaani idadi ya chini ya wanaopaswa kuhudhuria, pia ni theluthi mbili. Chukua daftari la watu 2,400: wasipofika 1,600, hakuna mkutano. Na sharti hilo la kuidhinisha lisomeni kwa upande wake mgumu, yaani theluthi mbili ya daftari zima. Wakifika 1,600 kamili na mmoja akikataa, mkataba umeanguka. Hiyo ndiyo nguvu ya hati hii, hakuna kamati inayoweza kujifungia chini ya mti na kutia sahihi kwa niaba ya watu.

Nguvu hiyohiyo huwageuka wasiojipanga. Marehemu na waliohama wasipofutwa, akidi haitimii hata kwa jambo ambalo kila mtu analitaka. Mkutano ukiitishwa kiangazi, vijana wako mbali na mifugo. Na usiwaite watu kwa mara ya kwanza siku ileile ya kupiga kura: sheria inataka mashauriano ya wazi na tathmini ya athari za mazingira, jamii, utamaduni na uchumi. Ombeni tathmini hiyo ielezwe kwa lugha ya nyumbani, maana kitabu cha Kiingereza kilichoachwa kwa chifu hakijamshauri mtu.

Upimaji ndio unaochosha. Malisho ya kiangazi hutumiwa na majirani pia, na dai moja la mpaka laweza kusimamisha kila kitu. Keti na majirani kabla ya tangazo, mwandike makubaliano, pande zote zitie sahihi.

Waliokuwa na ranchi za vikundi, yaani ardhi ya malisho iliyosajiliwa kwa kikundi chini ya sheria ya 1968, wasinakili daftari la zamani. Ranchi hizo zilishikwa na wawakilishi 3 hadi 10, na mara nyingi walioandikwa walikuwa wanaume, wakuu wa familia. Sheria ya sasa inamfanya aliyeolewa au kuoa katika jamii kuwa mwanachama moja kwa moja. Piteni boma kwa boma, muandike kila mtu mzima, mwanamke kwa jina lake mwenyewe.