President's Award Kenya kwa kijana aliyevurugika: inafaa, ila msimshikie kalamu

Mtoto akifika miaka 14 akanuna, akaacha kwaya, akabadilisha marafiki mara tatu kwa muhula mmoja, wazazi wengi huona njia mbili tu: bweni au mshauri. President's Award – Kenya, mpango wa tuzo ambapo kijana hujiwekea malengo na kuyafuata, ni njia ya tatu, na haitajwi sana kwa kuwa watu huidhania ni klabu ya wanafunzi watulivu wanaopenda kupanda milima. Kumbe mlango wake ni mpana: yeyote wa miaka 14 hadi 24, awe shuleni au ameacha shule, na mpango huingia hata katika taasisi za kurekebisha tabia za vijana. Tathmini hii ni ya ngazi ya kwanza, Shaba, maana ndipo kijana aliyevurugika huanzia. Fedha huanza miaka 15 na Dhahabu 16. Hizo tutazigusa tu.

Asili yake inaeleza kwa nini iko hivi ilivyo. Kenya iliupokea mpango huu mwaka 1966, miaka 10 baada ya Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, kuuanzisha Uingereza. Philip mwenyewe alilelewa vipande vipande: familia yake ilifukuzwa Ugiriki angali mchanga, mama akalazwa kwa maradhi ya akili, na dada yake mmoja akafa katika ajali ya ndege yeye akiwa na miaka 16. Shuleni Gordonstoun, huko Uskoti, mwalimu mkuu Kurt Hahn aliwapa wavulana kazi za baharini, mlimani na za kulinda pwani kuliko kuwahubiria. Ndiyo maana katika mpango huu hukuti hata somo moja la "kujitambua". Kijana haambiwi ajitafute. Anaulizwa atafanya nini Jumanne saa kumi jioni, na wiki inayofuata anaulizwa tena.

Shaba ina sehemu 4: huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari. Tatu za kwanza hufanywa kwa wastani wa saa 1 kila wiki kwa miezi 3, yaani kama saa 13 kwa kila sehemu. Kisha kijana huchagua moja kati ya hizo aiendeleze miezi 3 mingine. Kabla ya miezi 6 haimaliziki, hata akiwa hodari namna gani. Kuzibana saa 13 katika Jumamosi mbili hakukubaliki. Wengine hulalamikia sheria hii, lakini kwetu ndiyo sehemu bora ya mpango mzima. Kijana wa umri huu huwaka kama nyasi kavu kwa wiki mbili. Anachokosa ni wiki ya sita. Akikatizwa na mitihani, tarehe ya mwisho husogezwa mbele naye huendelea pale alipoachia. Hashindani na mtu. Ratiba ni yake, kipimo ni yeye wa mwezi uliopita.

Sasa tatizo la kalamu. Karatasi ya malengo, ambapo kijana huandika atakachofanya katika kila sehemu, ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo huharibiwa mapema zaidi. Penye vijana 60 na kiongozi mmoja, kishawishi ni kuandika ubaoni "Ujuzi: kompyuta. Huduma: kuokota taka. Mazoezi: kukimbia," wote wanakili. Hapo vyeti vitapatikana, ila kijana aliyekuja hajui anapenda nini ataondoka vilevile. Mpe wiki mbili nzima za kuchagua, na umruhusu kubadilisha mara moja bila maneno. Lengo liandikwe kwa namna ambayo mtu wa nje anaweza kulipima. "Kujifunza gitaa" si lengo. "Kufikia wiki ya 13 nicheze nyimbo 3 nikibadilisha kodi (mikao ya vidole kwenye nyuzi) bila kusimama" ni lengo. "Kujua simu" si lengo. "Kufungua simu, kubadilisha betri na kuifunga bila skrubu kubaki mezani" ni lengo, na lina raha yake.

Mipaka ya sehemu huwachanganya hata walimu. Kucheza mpira ni mazoezi. Kujifunza sheria za urefa ni ujuzi. Kudansi ni mazoezi, kupiga ngoma ni ujuzi. Sataranji ni ujuzi. Huduma haiwi huduma ikilipwa, na adhabu ya kufyeka uwanja haihesabiwi, kwani hakuichagua. Kwa kijana mwenye hasira, huduma ya mtu mmoja hushinda ya umati: kumsomea mzee asiyeona gazeti kila Alhamisi humgusa kuliko kufagia soko na wenzake 40 mbele ya kamera. Kwenye soko asipofika hakuna atakayejua. Mzee atajua.

Kila sehemu huwa na mtu mzima anayeijua kazi hiyo na kuitia sahihi: fundi, kocha, muuguzi wa zahanati. Asiwe mzazi. Hili halihusu udanganyifu tu. Kijana anayegombana nyumbani anahitaji mtu mzima mmoja anayemfahamu kwa kazi ya mikono yake, asiyejua alama zake za hisabati wala ugomvi wa Jumapili. Mtu huyo apewe maelezo kabla ya wiki ya kwanza, naye aandike sentensi mbili au tatu mahususi mwishoni. "Amefanya vizuri" haina kazi. "Alianza akikata kitambaa bila kupima, sasa anapima mara mbili" ni maneno ambayo kijana huyasoma hata akishakuwa mtu mzima.

Safari ya Shaba ni siku 2 na usiku 1, kundi la watu 4 hadi 7, angalau saa 6 za shughuli kila siku, bila injini. Kabla yake lazima kuwe na safari ya mazoezi. Fedha ni siku 3 na Dhahabu 4. Jambo linalowashtua wazazi ni kwamba msimamizi hatembei na kundi. Hulifuata kwa mbali na kukutana nalo mahali palipokubaliwa. Vijana wakipotea kwenye njia panda, huachwa kwanza wakosane, wafungue ramani, wapatane. Msimamizi anayekimbilia kuonyesha njia ameiba safari. Lakini asiyejua kundi lake liko wapi saa hiyo naye hafai kupewa watoto wa watu, na kukiwa na hatari huingia mara moja.

Hesabu ya mwendo ndiyo huvunja makundi mengi. Ramani ya 1:50,000 ina maana sentimita 2 ni kilomita 1. Kijana mwenye shanta mgongoni apangiwe kilomita 3 kwa saa, siyo 5, na dakika 1 zaidi kwa kila mita 10 za kupanda. Kilomita 12 zenye mwinuko wa mita 400 ni kama saa 4 na dakika 40 kabla ya kupumzika, kwa hiyo zinatosha kwa siku. Shanta isizidi robo ya uzito wa mbebaji: msichana wa kilo 44 abebe kilo 11, maji yakiwemo. Viatu vipya vya siku hiyohiyo ni malengelenge kufikia saa sita; vivaliwe wiki tatu kabla, na soksi za ziada zifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Chakula nacho kina makosa yake. Maharagwe makavu yatamaliza mafuta ya jiko kabla ya kuiva. Chukua ndengu zilizochemshwa tayari kwa usiku wa kwanza, au omena. Sukuma wiki iliyokatwa nyumbani hugeuka njano ndani ya mfuko; kabichi nzima huvumilia. Pakiti ya kilo 2 ya unga hutosha vijana 6 kwa ugali wa usiku na uji wa asubuhi. Sufuria igawiwe mtu mmoja, mwiko mwingine, viberiti viwili kwa watu wawili tofauti. Yule mtukutu darasani mpe jiko. Anayebeba jiko hawezi kususia kundi, kwa sababu saa kumi na mbili jioni wote watamtafuta.

Mpango huu si matibabu. Kijana anayejikata, anayezungumzia kufa, au anayepigwa nyumbani hahitaji karatasi ya malengo kwanza. Namba 116 hupigwa bure Kenya, na mshauri ahusishwe kabla ya shanta kufungwa. Pia kwa aliyelazimishwa na baba yake, Shaba hugeuka adhabu ya miezi 6. Kujiunga kwa hiari ni kanuni ya mpango wenyewe, na ikivunjwa hakuna kinachobaki isipokuwa beji.

Tungeipa Shaba nne kwa tano. Nyota moja tumeikata kwa sababu ubora wote umening'inia kwa kiongozi wa kituo, yaani mahali kijana anapofanyia mpango, na mzazi hana dirisha la kumchungulia. Basi uliza kabla ya kulipa: kiongozi mmoja ana vijana wangapi, ada ni ya mara moja au ya kila ngazi, mahema ni ya kituo au ya kukodi, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza siku ya safari. Kisha omba kuona karatasi tatu za malengo za mwaka uliopita, majina yakiwa yamefunikwa. Zikifanana neno kwa neno, tafuta kituo kingine.