Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM: mwaka wa nne nayo barabarani

Naishi Iringa na napiga picha kwa kujitegemea: kipaimara, sendofu, mahafali, na kazi za vijijini zikipatikana. Gari sina. Vifaa vyangu vyote husafiri mapajani mwangu ndani ya basi, hata safari ikiwa ya kutwa nzima hadi Songea. Kwenye buti siviweki tena; huko ndiko zuum yangu ya kwanza (lenzi inayovuta vitu vya mbali) ilikovunjikia, chini ya gunia la viazi. Baada ya hapo nikanunua lenzi hii kwa mwenzangu aliyekuwa anabadilisha kamera, Sh 220,000. Sasa ndiyo inayonilisha.

Ina gramu 160 tu. Lakini inafunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), wakati zuum ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi 55mm, inaishia f/5.6. Hiyo ni tofauti ya mwanga karibu mara kumi. Anayefanya kazi kwenye kumbi zenye taa anaweza asione umuhimu wake. Mimi niliuona Lupembe, mkoani Njombe, usiku wa kuamkia kipaimara. Umeme ulikatika wakati bibi anamvalisha mjukuu wake rozari. Wakawasha mshumaa mmoja, wakaugandisha juu ya kisoda. Flashi sikuitoa, ingeua kila kitu. Nikaweka ISO 3200 ili kamera ihisi mwanga zaidi, shata ifunguke 1/60 ya sekunde, nikasogea hadi kama mita moja. Kwenye picha ile unaona vidole vya bibi vilivyoingia weusi wa kuchuma chai miaka yote, punje za rozari zinang'aa moja moja, na nyuma yao giza tupu. Familia iliichapisha kubwa, ipo sebuleni kwao hadi leo.

Kwa umbali huo ukifungua f/1.8, sehemu inayotoka kali haizidi upana wa vidole viwili. Fokasi ikishika pua, macho yamepotea. Mimi huchagua nukta ya katikati na kuiweka kwenye jicho lililo karibu, na mwanga ukiruhusu nafunga hadi f/2.8.

Kamera yangu ni Canon 700D, yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo, kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm, yaani eneo finyu zaidi. Kwa sura ya mtu ni tamu mno. Kwa picha ya ukoo mzima sebuleni ni tabu: mgongo umeshagusa ukuta na bado shangazi wawili wamekatika pembeni. Usiifanye kuwa lenzi yako pekee.

Halafu haivuti. Ukitaka sura, nenda ulipo uso. Zamani nilikuwa nasimama kando ya shamba la chai nikivuta watu kwa mbali, wao wananitazama, mimi sijasema neno. Sasa lazima nifike, niseme kamwene, salamu ya huku kwetu, niulizwe natoka kwa nani, ndipo nipige. Picha zangu za wachuma chai za miaka hii minne naziona ni bora kuliko zote za nyuma, na naamini sababu ni hiyo kuliko hata f/1.8 yenyewe.

Vumbi ndilo adui yake. Haina mpira wa kuzuia lisiingie. Pia pua yake, yaani sehemu ya mbele ya lenzi, hutoka nje inapofokasi, na pete ya mkono haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa. Kwangu, kabla sijazima, nafokasi mbali kabisa ili pua irudi ndani, kisha ndipo naiweka begini. Ikigongwa ikiwa nje, mota ndiyo inayoumia. Nimeifunga filta ya 49mm, kioo cha kuikinga mbele, na siitoi.

Ukinunua iliyotumika, angalia sehemu inayoshika kamera. Hii ya STM, iliyotoka 2015, ni ya chuma. Ile ya zamani ya mwaka 1990, ambayo bado inazunguka sana mikononi mwa watu, ni ya plastiki na haifai kuuzwa bei moja na hii. Kisha washa tochi ya simu, imulike kupitia nyuma. Lenzi iliyokaa pwani bila kutunzwa huota ukungu ndani ya kioo, kama nyuzi za buibui. Ukiuona, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu.