Simu ilijizima mara 63, nikabadilishiwa huku waranti ikiwa imeshaisha: nyota 3 kati ya 5

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Simu yenyewe naipa nyota 1. Huduma ya kubadilishiwa naipa 4. Yule anayejibu ujumbe wa kwanza kwenye chati ya huduma kwa wateja simpi kitu, maana mpaka leo sina hakika kama ni mtu. Wastani wake haufiki hata 2 lakini nimeweka 3. Mimi ni mwalimu wa hesabu, najua nilichokifanya. Jina la kampuni naliacha, tumeachana kwa amani.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa 10 tangu niinunue. Nilikuwa naongea na mzazi wa mwanafunzi, katikati ya yale maneno magumu ya kumweleza mtu kwamba mwanawe si mvivu ila haoni ubaoni. Simu ikanyamaza. Nikadhani amekasirika akakata. Nikaitoa sikioni nikakuta kioo cheusi, halafu ikatetemeka mara moja na nembo ikajitokeza taratibu, kama mgeni asiyejua amebisha nyumba ya nani. Ilipowaka nikampigia. Kumbe na yeye alidhani mimi ndiye niliyekasirika.

Ilipotokea mara ya tatu wiki hiyohiyo nikachukua daftari la mraba nikachora safu 5: tarehe, saa, asilimia ya chaji, nilichokuwa nafanya, na dakika ilizochukua kurudi. Wenzangu ofisini walicheka. Lakini ukishaona mistari 10 imepangana, unaacha kubahatisha. Niliyoyaona ni haya: ilizima ikiwa na chaji 91, ikazima ikiwa na 34, ikazima ikiwa imechomekwa ukutani. Ilizima zaidi nikipiga picha au nikiongea kwa video, yaani ikishapata joto. Usiku ikiwa imelala mezani haikuzima hata mara moja.

Hiyo safu ya chaji ndiyo iliyoniokoa na mafundi wa mdomoni, wale wote waliosema "badilisha betri tu". Betri iliyochoka ina tabia yake: simu inaonyesha 30 au 40, ukifungua kamera inakata, ukiichomeka inaamka na kukuambia ina ileile 30. Chaji ipo, ila betri ikidaiwa umeme mwingi kwa mpigo, nguvu yake inaporomoka na simu inajizima. Apple walikiri Desemba 2017 kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri za zamani ili kuepuka jambo hilohilo. Yangu ilizima hata ikiwa kwenye chaja na asilimia zikiwa juu. Nikaona betri tuiache kwanza.

Nilipoandika kwa kampuni nikaambiwa niapdeti. Nikaapdeti. Nikaambiwa nifute programu nisizozitumia na kuachia nafasi. Nikafuta, zikapatikana GB 11. Nikaambiwa niiwashe katika hali salama, ile ambayo programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala na kubaki zile ilizokuja nazo. Hapo nawasifu, ni kipimo kizuri: simu ikitulia humo, mwizi ni programu uliyoikaribisha. Yangu ikazima humohumo, mara 2 kwa siku moja. Nikatoa memori kadi, nikatoa laini, nikafuta kila kitu na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Ikatulia wiki 3. Nikaanza kuisifu mbele za watu.

Niwe mkweli, sikuwaona wajinga kwa kuanzia kwenye programu. Kijana mmoja wa maabara ya kompyuta alinikumbusha Machi 2021, siku ambayo programu kibao za Android zilikuwa zikijifunga duniani kote, barua pepe ikiwemo, kwa sababu ya toleo bovu la kipande kimoja kiitwacho WebView, kile kinachofungua kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Dawa ilikuwa kuapdeti kipande hicho na Chrome. Na 2020 kulikuwa na picha moja ya ziwa na milima, nzuri ajabu: ukiiweka kama picha ya nyuma ya skrini kwenye baadhi ya simu za Android 10, simu inawaka na kuzima bila kikomo, kisa rangi zilizohifadhiwa ndani ya picha zilikuwa za mpangilio ambao simu haikuumudu. Simu inauawa na picha ya ziwa! Kwa hiyo fundi anayekimbilia bisibisi kabla ya kuuliza umeweka nini kwenye simu, mkwepe.

Baada ya zile wiki 3 ugonjwa ulirudi na ndugu zake. Sasa ikizima haikai dakika 2, inakaa 20. Mwezi wa 13 ikawa inaonyesha nembo, inazima, nembo, inazima, kama taa ya gari linaloomba njia. Nikaipeleka kwa fundi ninayemwamini. Hakufungua kitu. Alinisikiliza, akasoma daftari langu ukurasa mzima (wa kwanza kulisoma bila kucheka), kisha akaibana simu mgongoni, karibu na kamera, kwa kidole gumba, na huku amebonyeza kitufe cha kuwashia. Ikawaka. Akaachia kidole, ikazima. Akabana tena, ikawaka.

"Mwalimu," akasema, "hii imeachia kwenye bodi. Chipu kubwa inakaa juu ya vitone vidogo vya lehemu, vingi kuliko unavyoweza kuvihesabu. Simu ikipata joto na kupoa kila siku, vinapasuka. Ikipoa unaona imepona, ikichemka inaachia. Naweza kuipasha moto ishike, lakini nitakuwa nakuuzia mwezi mmoja."

Fundi anayekataa pesa yako kwa sababu hiyo ni wa kumwombea maisha marefu. Pia ndiye aliyenitajia LG, waliokiri Januari 2016 kwamba simu zao za G4 zilizonasa kwenye kuwaka na kuzima zilikuwa na viungo vilivyolegea kati ya vipande vya ndani. Hilo nililiandika nyuma ya daftari.

Sasa waranti. Ilikuwa ya miezi 12, nami nilikuwa mwezi wa 14 simu ilipokufa moja kwa moja. Kwenye chati nikapokea jibu ndani ya sekunde 3: pole sana mteja wetu, kifaa chako kiko nje ya waranti, tunakushauri uangalie matoleo yetu mapya. Nikaandika tena. Pole sana mteja wetu. Nikapiga simu, nikapigwa kalenda: tutakupigia kesho, tutakupigia Jumatatu. Jumatatu ipi, hawakusema.

Kilichogeuza mambo ni namba ya tiketi ya lile lalamiko la kwanza, la mwezi wa 10. Sikuwa nimeitunza kwa akili, niliiandika tu pembeni ya mstari wa 4 kwa sababu nafasi ilikuwepo. Nilipoitaja kwa dada mmoja aliyepokea simu, akanyamaza kidogo, nikasikia vitufe vinabonyezwa. "Mama, hili tatizo uliliripoti ukiwa ndani ya waranti?" Nikamwambia ndiyo, na mkanifanyisha mazoezi mpaka waranti ikaisha. Hakucheka, lakini sauti yake ilibadilika. Akaniomba picha za daftari, risiti, na namba ya IMEI. Hiyo IMEI ni namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15, kwa kawaida unaipata kwa kubonyeza *#06#, lakini simu ikiwa imekufa utaisoma wapi? Kwenye kasha. Kasha nililokuwa nimelifanya la kuwekea chaki.

Baada ya siku 6 wakajibu kwa barua pepe kwamba hawanitengenezei wala hawanirudishii pesa, ila kwa hisani yao watanibadilishia bila malipo na kunipa iliyokarabatiwa, ya aina ileile. Neno "hisani" lilinikereketa. Kama kasoro ilianza ndani ya muda wao, hiyo ni haki yangu. Hata hivyo nilikubali, maana kabla ya hapo waliwahi kunitajia gharama ya kubadilisha bodi, na ilikuwa zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia simu nzima.

Kuituma ndiko nilikokosea, na kosa ni langu. Ukishaweka akaunti yako ya Google kwenye simu, inajifunga ili mwizi asiifaidi hata akifuta kila kitu, na ya kwangu ilikuwa bado imefungwa kwa jina langu. Kituo kikaipokea, wakakwama. Siku 4 zikapotea kwa barua za kwenda na kurudi. Kuitoa akaunti simu ikiwa mfu haiwezekani kwenye simu yenyewe, ikabidi nithibitishe umiliki kwa risiti. Fundi wangu angeweza kuibana kwa kidole ikawaka dakika 5 nikaitoa kabla ya kufunga mzigo. Sikuwaza.

Na kuna lile lililouma zaidi. Picha zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, majina ya watu pia, WhatsApp ilikuwa na nakala ya juzi yake. Ile programu inayotoa namba 6 za kuingilia kwenye akaunti haikuwa na nakala popote. Ilikufa na simu. Nilikaa wiki nzima nikiwashawishi watu wa akaunti mbalimbali kwamba mimi ni mimi. Kama simu yako imeanza kuganda leo, hamisha hiyo kwanza, kabla hata ya picha za watoto. Picha za watoto ninyi wenyewe mnazituma kila mahali.

Kituo chenyewe nawapa haki yao. Waliniandikia walichokagua: kile kibandiko cha ndani kinachobadilika kuwa chekundu kikiguswa na maji kilikuwa bado cheupe, fremu haikupinda, hitilafu ipo kwenye bodi. Mstari mmoja mmoja, bila pole sana mteja wetu. Siku ya 9 tangu waondoe kile kifungo cha akaunti, mzigo ulifika.

Iliyokuja haina kasha lake, imo kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi, bila chaja wala kava. Mgongo ni mpya, kioo ni kipya, ila ukiinamisha kwenye mwanga unaona alama nyembamba kwenye tundu la chaja, mtu aliwahi kuchomeka gizani huyo. Betri inashika siku nzima. Sauti ya spika ni ndogo kidogo kuliko ya zamani, au masikio yangu yamezeeka wakati nasubiri. IMEI ni nyingine, kwa hiyo kama una bima au umeisajili simu mahali, kabadilishe, mimi nilikumbuka baada ya wiki 2. Waranti ya hii ni siku 90 tu, na hapo ndipo nyota ya 5 ilipoangukia. Unanipa simu iliyowahi kuugua na kunihakikishia miezi 3?

Daftari bado lipo. Nimefungua ukurasa mpya, safu zilezile 5, na kwa siku 37 ulikuwa mweupe. Jana saa 2 usiku nikiongea kwa video na dada yangu, picha iliganda kama sekunde 4, kisha ikaendelea. Inaweza kuwa mtandao. Nimeandika tarehe, saa, chaji asilimia 62, na kwenye safu ya mwisho nimeweka kistari.