Nimevifukizia udi vitambua moshi vitatu, angalia kilichotokea

Wadau, karibuni tena kwenye meza ya fundi. Mkisikia "pip" kila baada ya dakika hivi, msishike simu zenu, iko hapa kwangu. Nitawaambia ni nini.

Leo nina vitambua moshi vitatu vya betri, nimevitoa Kariakoo. Malalamiko ya wateja ni yale yale: "Fundi, hii kitu inalia nikipika chapati, nimeitoa betri." Hapo umebaki na kisahani cha plastiki darini. Kwa hiyo sikutafuta kinacholia sana. Nilitaka kinachojua kunyamaza, halafu moto wa kweli ukija kiamke.

Hiki cha bei ya chini ni cha ayoni. Ndani kina chembe ya amerisiamu-241, mionzi yake inafanya hewa ipitishe umeme kidogo; moshi ukiingia umeme unapungua, kinapiga kelele. Usikifungue kuchungulia, tafadhali. Cha pili kina taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na jicho lililofichwa pembeni lisiione taa. Moshi ukitawanya mwanga, jicho linaona. Cha tatu ni kama hicho, ila kina taa mbili, infraredi na bluu. Chembe za mvuke ni kubwa kuliko za moshi, na mwanga wa kila taa unatawanywa nazo kivyake, basi kinalinganisha kwanza ndipo kiamue.

Kitufe cha majaribio: vyote vimelia. Milio mitatu, kimya, mitatu tena. Masikio yangu! Ila kwa vifaa vingi kitufe kinapima betri, saketi na king'ora tu, hakisemi kama moshi una njia ya kuingia. Kuna jengo la ofisi niliitwa, jina naliweka kapuni, nikakuta vile vifuniko vya plastiki vya kuzuia vumbi la ujenzi bado viko juu ya vitambua moshi. Watu wamehamia, wanafanya kazi, paneli ya kengele ya moto inawaka kijani. Ndiyo maana sisi tunapulizia moshi wa kopo, kimoja kimoja.

Haya, chapati. Kikaango, mafuta, mlango wa jiko wazi. Cha ayoni kimelia chapati ya pili, hata haijageuzwa. Hivi viwili vimetulia. Bafuni, maji ya moto, mlango nikaufungua ghafla: cha pili kikalia kwa mvuke. Cha taa mbili, kimya.

Sasa udi. Nimeweka chetezo chini, hatua mbili hivi. Cha pili kikalia, na cha taa mbili nacho kikafuata! Nikataka kukitukana, kisha nikajiuliza: kimekosea nini? Udi ni moshi wa kweli, unafuka kwenye kaa la kweli. Nia yako kifaa hakiijui. Hapo dawa ni kitufe cha kunyamazisha, kinakupa dakika chache kisha kinarudi kazini chenyewe. Betri iache ilipo.

Jaribio la mwisho ndilo lililonitisha. Kitambaa cha pamba juu ya kaa, ndani ya sufuria kuukuu, kinafuka bila ndimi za moto, kama sigara iliyoangukia godoro. Ndoo ya maji iko pembeni, msiige hivi hivi. Vya mwanga vimelia mapema. Hiki cha ayoni, kilichopigia kelele chapati, kimekaa kimya mpaka macho yangu yanatoka machozi. Kwenye moto wa ndimi kina mbio, sikinyimi haki yake, lakini chumbani kwa mtoto sikiweki.

Ningenunua cha taa mbili, kikae koridoni karibu na vyumba vya kulala, mita 3 au zaidi kutoka jikoni. Jikoni kwenyewe weka kitambua joto, vingi huamka kwenye nyuzi 57 hivi, chapati hazimhusu. Geuza nyuma usome tarehe. Ikifika miaka 10, badilisha. Na buibui mtoe kwa brashi, ukipuliza dawa ya wadudu utakiliza bure.

Ile "pip"? Ni cha ayoni cha zamani, mke wangu kakisukumia stoo, betri imekwisha. Subirini nikakitafute, kiko nyuma ya magunia ya mkaa.