InDesign na picha za chenga, nina la kusema

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda ajiondokee: InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa za majarida na vitabu, naipa nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoikata sio kwa sababu ya maandishi wala majedwali wala kurasa mama, hapo hawa jamaa wameiva, nimeikata kwa ajili ya jambo moja tu, jinsi inavyokuonyesha picha wakati unapanga kurasa.

Nilikuwa napanga jarida la kurasa 48, picha kibao, na aliyezipiga ni mtu anayejua kamera kweli, yaani ukifungua faili kwenye programu ya picha unahesabu mpaka kope za mtu. Sasa nikiziweka kwenye ukurasa, chenga tupu. Kingo zina vidato kama ngazi, nembo ya mteja inaonekana kama imejengwa kwa matofali. Mimi bila aibu nikamwandikia mpiga picha, "naomba kubwa zaidi". Akatuma. Nikaweka, chenga zilezile. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole, kwani wewe unaangalia wapi hizo picha? Kosa lilikuwa langu asilimia mia, kwa hiyo msinihurumie.

Iko hivi. Ukiweka picha kwenye InDesign, programu haiimezi ile faili yote, inashika tu njia ya kwenda ilipo, halafu kwenye kioo inakuwekea kivuli chake chepesi ili laptopu yako isipige magoti ukishuka kurasa 48 zenye mapicha mazito mazito. Na wala sio wazo baya. Kuna ngazi tatu za kuonyesha: Fast Display ambayo inaweka boksi la kijivu tu mahali pa picha, Typical Display ambayo ndo hicho kivuli cha chenga, na High Quality Display ambayo inasoma picha yenyewe. Kwa kawaida unakuwa kwenye hiyo ya katikati. Nenda menyu ya View, ingia Display Performance, chagua High Quality, basi, picha inasafika mbele ya macho yako (kwenye Windows ni Ctrl+Alt+H, mimi kidole kimeshazoea). Ukitaka iwe hivyo siku zote unaibadilisha kwenye Preferences, na ni vizuri ufanye hivyo ukiwa hujafungua faili yoyote.

Kinachochanganya ni kwamba kama kompyuta ina kadi ya grafiki ambayo programu inaikubali na GPU Performance (mpangilio wa kuitumia kadi hiyo) imewashwa, yenyewe inaanza moja kwa moja na High Quality. Kwa hiyo mnaweza kukaa wawili na faili moja, mmoja anaona chenga mwenzake anaona picha safi, mkabishana mpaka chai inapoa na wote mna haki. Kingine, watu wanabonyeza W wakidhani picha itasafika, hapana, W inaficha tu mistari ya kupangia na fremu, ubora wa picha unabaki palepale.

Hapa sasa ndipo wengi wanapopotea. Umeshaweka High Quality, kurasa zote safi, ila picha moja imegoma. Hiyo ina mpangilio wake binafsi, kuna mtu aliibofya kulia siku moja akaishushia kiwango chake peke yake ili kompyuta ipumue, akasahau. Ibofye kulia mwenyewe uiangalie, au rudi kwenye View ufute yote kwa Clear Object-Level Display Settings. Nembo za EPS (aina ya faili la michoro ya kuchapa) nazo zina vituko, zinakuja na kapicha kao kadogo ka kuonyeshea ndani ya faili, ndo hako unakokaona kamejaa vidato, wakati kama ni mchoro wa vekta, yaani wa mistari na sio wa pikseli, utaprinti safi kabisa.

Lawama yangu kwa programu ni hii: hakuna kitu pale kwenye ukurasa kinachokwambia "unachokiona ni kivuli". Wangeweka hata kialama kadogo pembeni. Mtu anayeanza atajuaje? Anaona picha mbovu, anaamini picha ni mbovu.

Ila nisiwapotoshe upande wa pili, maana kuna wakati picha ni mbovu kweli na hakuna menyu itakayoiokoa. Na hapa InDesign inarudisha heshima yake, kwa sababu ina paneli ya Links ambayo mimi naiona ndo kitu bora kuliko vyote kwenye programu nzima kwa mtu wa picha. Bofya picha uangalie namba mbili, Actual PPI na Effective PPI (PPI ni pikseli kwa kila inchi). Ya kwanza ni ya faili lenyewe, ya pili ni ile unayoipata baada ya kuivuta kwenye ukurasa, na hiyo ya pili ndo ya kuamini. Chukua picha yenye pikseli 1200 kwa upana, kwa 300 inakupa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ukiivuta mpaka sentimita 20 unabaki na 150. Pikseli hazikuongezeka, zimetanuliwa tu kama shati la mtoto kwa mtu mzima. Kwa jarida la karatasi nzuri lenga 300, gazeti linavumilia chini ya hapo, na bango la kuangaliwa kwa mbali linavumilia zaidi. Na usiende kwenye programu ya picha ukaandika 300 badala ya 72 ukadhani umetibu, pale kompyuta ama inabadilisha namba tu, ama inatunga pikseli za kubahatisha. Ukiona namba ndogo sana muulize aliyekutumia, mara nyingi picha ilipita kwenye programu ya meseji ikabanwa huko njiani, mwambie atume kama dokumenti.

Halafu linki zilizokatika. Ukihamisha folda au ukibadilisha jina la faili, picha inapata alama nyekundu ya kuuliza, na ukitoa PDF hivyohivyo kinachoenda ni kile kivuli cha kioo. Programu inakuonya kabisa, watu tunabonyeza OK bila kusoma. Pembetatu ya njano ni nafuu, inamaanisha faili limeguswa, libofye lijisasishe.

Kuhusu PDF nitasema kidogo tu. Ukichagua Smallest File Size, picha za rangi zinazozidi 150 zinashushwa mpaka 100, na haina dhambi, ni ya kumtumia mteja aangalie kwenye simu. Msala unakuja mteja akiichukua hiyohiyo akaipeleka kwa mchapaji. Ya kuchapa chagua High Quality Print, yenyewe inagusa tu zinazozidi 450 na kuzishusha 300. Na ukiona vistari vyeupe vyembamba vinakatiza picha kwenye PDF hasa penye vivuli na uwazi, zumu ndani, kama havinenepi hata ukisogea karibu vipi basi kwa kawaida ni mchezo wa kioo tu, kwenye karatasi havitoki.

Wale mtakaouliza kuhusu Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa, ni ya bure, nimeitumia, na tabia ni ileile, picha inaonekana hafifu mpaka uibofye kulia, uingie Preview Settings uchague Full Resolution. Kinachonifurahisha kwake ni kwamba kabla ya kutoa PDF inakagua yenyewe na kukulalamikia picha zenye pikseli chache. Ila kwa kazi ndefu ya kurasa nyingi mimi bado nakaa InDesign, nishazoea, na ile paneli ya Links siiachi.

Ninavyofanya siku hizi: nikiwa namwaga maandishi nakaa Typical ili laptopu isinune, nikifika kwenye kukata picha na kuamua ipi ikae ukurasa gani napanda High Quality, na kabla ya kutoa PDF napitia Links kuanzia juu mpaka chini nikitafuta Effective iliyo chini ya 300. Inachukua dakika chache. Mpiga picha wangu bado ameutunza ule ujumbe wa "naomba kubwa zaidi", kila nikimtumia kazi mpya ananirudishia huohuo na emoji ya kucheka.