Kumlipa mkataji wa mti mkubwa uliokauka: bei ya kazi nzima au malipo ya siku?

Mti ukiwa mmoja, tena umeegemea upande wa nyumba, mimi nachagua bei ya kazi nzima. Mti mkavu hudanganya: matawi hukatika ghafla, shina laweza kuwa limeoza ndani, na ikiwa si salama kuupanda, italazimu kukodi kreni. Ukilipa kwa siku, ucheleweshaji wote huo unaubeba wewe. Ila mkataji naye anaijua hatari hiyo, kwa hiyo huiingiza kwenye bei mapema.

Malipo ya siku yanafaa miti mingi iliyo mahali pa wazi, ya kuangusha tu.

Vyovyote vile, uliza magogo yatabebwa na nani. Kisiki, mara nyingi, huhesabiwa kando.